Inua Jamii na wazee wanaolelewa nyumbani

Inua Jamii ni mpango wa serikali ya Kenya unaowapa pesa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Sehemu ya wazee ilianza kwa majaribio mwaka wa fedha wa 2006/2007, ikilenga familia maskini zenye mzee wa miaka 65 na zaidi. Mwaka 2018 ilipanuliwa: kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na asiyepokea pensheni alistahiki, hata kama si maskini. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Umri husomwa kwenye kitambulisho. Mzee asiye nacho, au aliyeandikiwa miaka pungufu, hubaki nje. Asiyejiweza huandikisha mlezi wa kumpokelea. Mlezi huyo akifariki au akihama, jina libadilishwe mapema.

Pesa hizi hazimlipi anayemwogesha na kumlisha mzee. Kazi hiyo ingali ya mabinti na wakaza wana, bila ujira. Lakini Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na Dola, si jamaa peke yao.