Nyumba isiyo na kizingiti: historia fupi

Kwetu Kipese nyumba inaweza kumfunga mzee mara tatu: kizingiti kirefu cha kuzuia maji ya mvua, mlango mwembamba, tena choo kiko nje, chini ya mtelemko. Watu wanasema: "Miguu yake njo shida." Historia inasema ingine.

Mwaka 1921 Franklin Roosevelt wa Marekani alipooza miguu, akiwa na miaka 39. Viti vya magurudumu vya wakati ule vilikuwa vikubwa na vizito. Yeye akatumia kiti cha kawaida kilichofungwa magurudumu madogo, kipite milangoni. Mwaka 1938, akiwa rais, alianza kujenga Top Cottage kule Hyde Park: hakuna ngazi za kuingilia, milango haina vizingiti, na barazani kuna njia ya kushukia ya udongo. Udongo tu!

Wasio marais walingoja. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikarudisha vijana wengi walioumia, wakitaka kusoma. Kwenye chuo kikuu cha Illinois, Timothy Nugent alipigania waingie madarasani kwa viti vyao. Mwaka 1961 Marekani ikatoa kanuni yake ya kwanza ya majengo ya namna hiyo: njia ikipanda sentimita 1, iwe na urefu wa sentimita 12.

Na sisi? Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inalinda wazee na watu wenye ulemavu. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu. Karatasi iko. Lakini sheria haitaingia Kipese na jembe.

Jembe ni letu. Kizingiti cha sentimita 15 kinaomba njia ya udongo ya sentimita 180. Ile fremu ya A tunayopimia mitaro shambani inatosha: miguu yake ikiachana sentimita 120, weka kibao cha sentimita 10 chini ya mguu wa upande wa chini. Kamba ikisimama katikati, mtelemko ni sawa. Shindilia udongo, chimba mtaro wa maji pembeni, panda majani ya kuushika. Mlango uwe na sentimita 80 au zaidi.

Wengi wetu, tukipata mshahara wa kwanza, tunawaza mabati mapya kwa nyumba ya wazazi. Ni vizuri. Lakini tuanze mlangoni.