Subira ya Wameru

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu alinijia ofisini akiwa amevunjika moyo. Yeye na wenzake wameandika barua tatu kudai haki yao, na zote hazikujibiwa. Akaniuliza: "Mwalimu, kuna faida gani kuendelea?" Sikumwambia kuwa mvumilivu hula mbivu, kwa maana wapo waliovumilia wasizile. Nilimsimulia habari ya Wameru wa Ngare Nanyuki.

Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka ardhi yao, ili yakatwe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa. Wameru hawakushika mikuki. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Wakachanga fedha, wakashirikiana na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, na wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York.

Mwaka 1952 Kirilo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Shauri likafika hadi Baraza Kuu, na Desemba mwaka huo azimio la kuwatetea Wameru likakosa theluthi mbili ya kura. Waliochanga senti zao wakiwa wamepoteza makazi waliambiwa kwamba ardhi hairudi.

Je, walishindwa? Kwa hesabu ya mwaka ule, ndiyo. Lakini Kirilo aliporudi hakunyamaza. Alizunguka nchini akiwaeleza wananchi yaliyotokea, na shauri la kabila moja likawa shauri la Tanganyika. TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, watu walikwisha kujua kwamba mtawala anaweza kuitwa mbele ya ulimwengu ajieleze. Machi 1955 Julius Nyerere naye alizungumza mbele ya Baraza lile lile la Udhamini. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961.

Sidai kwamba kura ile iliyoshindwa ndiyo iliyoleta uhuru. Wala sithubutu kusema kwamba uhuru ulimfuta machozi kila mama aliyeona nyumba yake ikiteketea. Miaka kumi ni mingi kwa asiye na shamba. Ninachosema ni kwamba subira ya Wameru haikuwa kukaa kitako na kungoja. Walipeleka madai yao kwa maandishi, wakayasema kwa ushahidi, na waliposhindwa wakawasimulia wengine ili wasianzie mwanzo.

Kwa hiyo nilimuuliza mwanafunzi wangu kama wameweka nakala za barua zile tatu. Hawakuweka. Nikamwambia kwamba hapo ndipo pa kuanzia: barua ya nne iandikwe, nakala ihifadhiwe, na mwaka wa kwanza waelezwe kisa chote, kwa sababu huenda jibu likaja wao wakiwa wamekwisha kuhitimu.