Tetesi katika biashara ya Ziwa Mweru: maneno yake na namna ya kuzipima

Tetesi ni habari inayozunguka sokoni bila mwenyewe kujulikana. Wilayani Nchelenge, mkoa wa Luapula, Zambia, habari kama hiyo yaweza kushusha bei ya samaki kabla boti haijafika ufukweni.

Kiswahili kina ngazi zake. Fununu ni dalili za mwanzo, husemwa chini chini. Tetesi imeshasemwa na wengi lakini haijathibitishwa. Uvumi umeenea kote, na mara nyingi umetiwa chumvi. "Eti" huonyesha kuwa msemaji hachukui dhamana. "Inasemekana" hufanya kazi hiyo kwa adabu zaidi. Watanzania huita habari hizi redio mbao.

Ng'ambo ya ziwa, Kiswahili cha Katanga husema "banasema". Upande wa Nchelenge, Wabemba husema "balelanda ati" (wanasema kwamba) au "naumfwa ati" (nimesikia kwamba). Mgeni awe mwangalifu: "ati" ya Kibemba hutambulisha tu maneno yaliyosemwa, peke yake haina shaka iliyomo katika "eti". Kikantoni, ambacho wafanyabiashara wetu hukikuta Guangzhou, kina "teng gong", yaani nasikia wanasema, na kijineno "wo" mwishoni mwa sentensi kuonyesha kuwa maneno ni ya mtu mwingine.

Ziwani tetesi nyingi huhusu mpaka, ugonjwa na uvuvi. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa muda vituo vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Kwa hiyo ukisikia "mpaka umefungwa", uliza ni upi. Ukisikia "Kilwa kuna kipindupindu", uliza pia: kuna Kilwa kisiwa, ambacho ni cha Zambia, na Kilwa mji, ulioko Kongo. Anayechanganya hizo mbili anaweza kuahirisha safari bure, au kwenda penye ugonjwa.

Kuhusu uvuvi, marufuku ya Zambia huanza tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Anayedai tarehe imesogezwa, habari yake ithibitishwe katika ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Kabla ya kuuza chisense kwa bei ya hasara, muulize mleta habari maswali matatu: nani ameona, wapi, na lini. La nne jiulize mwenyewe: je, huyu anayenitisha ndiye anayetaka kununua mzigo wangu?