Dawa ya skizofrenia na maumivu ya neva ya uso

Maumivu ya neva ya tano ya kichwa hupiga upande mmoja wa uso mithili ya shoti ya umeme. Kutafuna, kunawa, hata upepo wa kaskazi ukipita shavuni huyaamsha. Mkazi wa Tanga aweza kung'olewa jino lisilo na kosa kabla ya kufika Hospitali ya Bombo.

Dawa ya kwanza ni kabamazepini, ile ile ya kifafa. Mwaka 1989, Fuad Lechin na wenzake wa Venezuela waliijaribu pimozidi, dawa ya skizofrenia, kwa wagonjwa 48 walioshindikana kutibiwa. Wote walipata nafuu. Lakini wengi walidhurika, wakiwamo waliotetemeka mikono na kupoteza kumbukumbu; tena pimozidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kabamazepini ikabaki mbele.