Sauti ya Redio na Udongo wa Ufipa

Msafiri apandaye kutoka bonde la Ziwa Rukwa hadi Sumbawanga huikuta nchi ya nyasi, yenye upepo na baridi, ambamo miti ni haba. Mgeni aweza kudhani kwamba wenyeji hawakuijali ardhi yao. Dhana hiyo si ya haki, na kuisahihisha ni sehemu ya historia ya vyombo vya habari na hifadhi ya mazingira nchini mwetu.

Tangu zamani Wafipa walikuwa na ukulima wa ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima huzigeuza nyasi pamoja na udongo, akafanya matuta ya mviringo. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu yake, na msimu ufuatao matuta hutawanywa na ulezi kupandwa. Wabemba, majirani wa kusini, walikata matawi na kuyachoma ili wapate majivu ya kurutubisha mashamba. Mfipa alirutubisha shamba lake kwa nyasi tu. Elimu hiyo haikuandikwa gazetini. Ilipita kwa jembe na kwa ulimi, mzazi akimwonyesha mtoto. Hata hivyo, tusiwasifu wazee kupita kiasi: malungu, yaani matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, yalikula makaa mengi ya miti, na magofu yake yangali yakionekana uwandani.

Baada ya Uhuru, chombo kipya kiliingia vijijini, nacho ni redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Kampeni hii ya mwisho ilikuja wakati wake. Katika miaka ya Operesheni Vijiji watu waliokuwa wametawanyika walikusanywa pamoja. Hivyo kuni zilianza kutafutwa mbali, na ardhi iliyo karibu na makazi ikalimwa bila kupumzishwa.

Nguvu ya kampeni hizo haikuwa katika sauti ya mtangazaji peke yake. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na kitabu cha kusomwa. Watu walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadili, kisha wakaamua la kutenda. Habari isiyofuatwa na mazungumzo hupita kama upepo wa uwandani. Huinamisha nyasi, nazo zikainuka tena kama zilivyokuwa.

Lakini njia hiyo ilikuwa na upungufu wake. Redio ilinena kutoka Dar es Salaam maneno yale yale kwa Lindi, Bukoba na Sumbawanga. Iliweza kumwambia Mfipa kwamba msitu ni mali. Haikuwa rahisi kwake kumjibu kwamba tuta la nyasi nalo ni mali. Wahenga walisema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Chombo cha habari kinachofundisha bila kusikiliza humfanya mwananchi ajione mjinga katika jambo ambalo yeye ndiye fundi wake.

Leo redio zimeongezeka, na simu imefika hadi shambani. Pamoja na hayo, Sumbawanga ingali ikitegemea maji yanayotoka katika misitu ya milima ya Mbizi, na msitu ukiisha, hakuna tangazo litakalojaza mtungi. Kwa hiyo mwalimu na awatume wanafunzi wake kwa wazee, waulize ntumba hujengwaje na chemchemi zipi zimekauka, kisha waandike. Habari hizo zikitoka kijijini kwenda redioni, nazo za redioni zikirudi kijijini kujadiliwa, ndipo taifa litakapokuwa likizungumza, badala ya kuhutubiwa.