Kuhamisha tarakilishi kongwe bila kuiangamiza

SIKU ya hatari zaidi katika maisha ya tarakilishi kongwe ni ile inapotolewa kabatini, ikapelekwa chumba kingine au mji mwingine, kisha mwenyewe akaiwasha papo hapo ili aone kama ingali hai. Mashine iliyostahimili miaka thelathini gizani huweza kufa kwa dakika chache kwa sababu ya haraka hiyo.

Mfano mzuri ni Commodore 64, iliyoonyeshwa kwa umma jijini Las Vegas, Marekani, Januari 1982 na kuanza kuuzwa Agosti mwaka huo kwa dola 595. Iliundwa hadi 1994, kampuni iliyoitengeneza ilipofilisika. Makadirio ya idadi iliyouzwa ni kati ya milioni 12 na milioni 17, na ndiyo sababu ingali ikipatikana katika stoo na vyumba vya juu vya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Aliye nayo hapa nchini huenda ameirithi kutoka kwa jamaa aliyesomea ng’ambo. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64 tu, lakini ina chipu ya sauti ambayo wanamuziki wangali wakiisaka hadi leo.

Jambo la kwanza kuchunguzwa ni kile kijisanduku kizito kinachopunguza nguvu za umeme wa ukutani. Kazi yake ni kuipa mashine mikondo miwili: volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Vijisanduku vingi vya zamani vilimiminiwa utomvu mgumu ndani, hivyo haviwezi kufunguliwa wala kutoa joto vizuri. Kadiri miaka inavyopita, kidhibiti kilichomo huchoka na zile volti 5 huanza kupanda. Zikizidi 5.25, chipu za kumbukumbu huwa hatarini. Hakuna fyuzi itakayokatika kukuonya. Utaona tu skrini tupu, na fundi atakwambia chipu zimeungua.

Kwa hiyo, kijisanduku hicho kipimwe na fundi mwenye kipimavolti kabla hakijachomekwa kwenye mashine. Hata hivyo, kipimo kizuri cha leo si hakikisho la kesho, kwani baadhi ya vijisanduku hupimika vyema vikiwa baridi na kukengeuka baada ya kupata moto. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kile cha asili kihifadhiwe kama kumbukumbu, na mashine iwashwe kwa kipya kilichoundwa kwa ajili yake. Vingali vikitengenezwa na wapenzi wa mashine hizi, sawa na kifaa kidogo kinachowekwa katikati ili kukata umeme pindi volti zinapozidi.

Mwenye mashine iliyotoka Marekani ana tahadhari nyingine. Kijisanduku cha huko kiliundwa kwa umeme wa takribani volti 120. Kukichomeka katika soketi yetu yenye volti 240 ni kukichoma. Vilevile, picha ya mashine hiyo hufuata mfumo wa runinga wa Marekani, na runinga nyingi za zamani za humu nchini huionyesha bila rangi au ikitelemka ovyo. Mashine ya Ulaya inaafikiana nazo, kwani hurusha picha yake katika chaneli ya 36. Kuzimwa kwa matangazo ya analogi nchini Kenya mwaka 2015 hakuathiri jambo hili, mradi runinga yenyewe ingali na kipokezi cha analogi.

Sasa kuhusu kasha. Kasha la mwanzo lilikuwa nene, la rangi ya kahawia isiyokolea, na umbo lake likawafanya watu kulifananisha na sanduku la mkate. Mwaka 1986 likaja jipya, jembamba na jeupe zaidi. Wengi hutaka kuhamishia mitambo katika kasha lingine kwa sababu la kwanza limepasuka safarini au limegeuka manjano. Umanjano huo hutokana na kemikali zenye bromini zilizochanganywa katika plastiki ili isishike moto haraka. Mwanga wa jua na joto huzibadilisha. Wapo wanaoung’arisha kwa haidrojeni peroksaidi, lakini rangi hiyo aghalabu hurudi. Umanjano hauizuii mashine kufanya kazi, nami singeuhesabu kuwa sababu tosha ya kuitia bisibisi.

Pakiwa na sababu tosha, kazi ianze mashine ikiwa imechomolewa kabisa. Geuza kasha, fungua skrubu tatu zilizo chini upande wa mbele, kisha ligeuze tena. Inua kifuniko kutoka mbele, polepole. Upande wa nyuma hushikiliwa na vikulabu vya plastiki ambavyo kwa umri wao huvunjika kama biskuti, na ndani kuna nyaya za kibodi na za taa ndogo zilizounganishwa na ubao wa saketi. Anayekivuta kifuniko kwa nguvu huzing’oa. Piga picha ya kila kiungio kabla ya kukichomoa, na kila skrubu uiweke katika bahasha yenye maandishi. Simu ya mkononi imelifanya hili kuwa rahisi. Zamani tulichora kwenye karatasi, na michoro yenyewe ikatupotosha.

Umeme tuli ni adui asiyeonekana. Katika miezi ya ukavu Nairobi, mtu aliyevaa sweta ya sufu na kutembea juu ya zulia huweza kubeba umeme wa kutosha kuua chipu bila yeye kuhisi chochote. Gusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi, fanyia kazi juu ya meza ya mbao isiyo na kitambaa cha nailoni, na ushike ubao kwa kingo zake. Usiguse kwa vidole pini za tundu la kuchomekea usukani wa michezo, maana zinaelekea moja kwa moja kwenye chipu inayotawala kibodi.

Makasha hayo mawili hayafanani ndani. Katika lile nene, kibodi imefungwa kwa skrubu kwenye kifuniko. Katika lile jembamba, imekalia vishikizo vilivyo sehemu ya chini. Anayehamisha asipovipata vishikizo hivyo atabaki na kibodi inayoelea. Kosa la gharama kubwa zaidi ni kubadilishana chipu za sauti kati ya ubao wa zamani na ule uliofuata: ya kwanza hutumia volti 12, ya baadaye volti 9. Hamisha ubao mzima jinsi ulivyo. Kasha la asili usilitupe hata kama limepasuka, kwa kuwa atakayekuja baada yako huenda akataka kurejesha kila kitu mahali pake.

Kwa safari, ifunge mashine katika mfuko wa kuzuia umeme tuli au kitambaa cha pamba, kisha sponji pande zote, ndani ya sanduku lisiloacha nafasi ya kutikisika. Kijisanduku cha umeme kisafiri peke yake. Uzito wake hutosha kuvunja vibonyezo. Disketi ziwekwe wima, mbali na spika na runinga za zamani za kioo kinene, kwani sumaku hufuta yaliyomo. Kama kuna kiendeshi cha disketi, kitiwe ile kadi ya kinga kabla ya kusafirishwa. Barua na programu zilizomo ndani ya disketi hizo mara nyingi hazina nakala kwingine, ilhali mashine yenyewe huweza kununuliwa tena.

Ikitoka mahali baridi kama Limuru hadi Mombasa, sanduku lisifunguliwe kwa saa kadhaa, la sivyo unyevu wa hewa ya pwani utatonesha maji juu ya saketi. Makao yake mapya yawe mbali na dirisha lenye jua na bati lisilo na dari, na matundu ya hewa yasizibwe.

Hatimaye, unganisha kila waya kabla ya kuwasha. Usichomeke wala kuchomoa chochote umeme ukiwapo. Mambo yakiwa shwari, skrini ya buluu itatokea ikionyesha nambari 38911, ambayo ni idadi ya baiti zilizo huru kwa mtumiaji. Skrini ikibaki nyeusi, zima mara moja na umwite fundi.