Nani Anaendesha Shule za Karatu?

Shule ya Msingi Gyetighi, huko Oldeani wilayani Karatu, ni shule ya serikali. Mwalimu mkuu hupangwa na halmashauri, mtihani wa darasa la saba ni ule ule wa nchi nzima, na ada hakuna. Lakini ina madarasa na walimu wa ziada waliopatikana kwa fedha za watu binafsi kupitia Tanzanian Children's Fund, shirika la Mmarekani India Howell. Mwaka 2004 shirika hilo lilifungua makao ya watoto ya Rift Valley Children's Village jirani na shule hiyo. Watoto wa makao walihitaji pa kusoma, na shule iliyokuwepo ilikuwa ya watoto wa wanakijiji na vibarua wa mashamba ya kahawa, yenye wanafunzi wengi kuliko nafasi. Shirika lingeweza kujenga shule yake binafsi na kuizungushia ukuta. Likachagua kuingia ubia na shule ya kijiji, na baadaye likafanya vivyo hivyo na Sekondari ya Oldeani.

Uamuzi huo naupa uzito mkubwa. Mtoto wa kibarua alifaidika bila kuombewa nafasi na mtu, kwa sababu shule ilikuwa yake tangu mwanzo.

Mpango wa serikali na mfuko binafsi kushika shule moja una takriban miaka 100 nchini. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwakutanisha wamisionari na maofisa wake Dar es Salaam. Ikakubaliwa kwamba shule za misheni zitakazofuata mtaala na kukubali kukaguliwa zipewe ruzuku, na sheria ya mwaka 1927 ikaupa mpango huo nguvu. Karatu wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Misheni iliajiri mwalimu, serikali ikachangia mshahara. Elimu ikawa inapatikana pale misheni ilipopenda kujenga. Mkulima wa Kiiraqw aliyeishi jirani na kanisa aliweza kumpeleka mwanawe. Wamaasai, Wadatoga na Wahadzabe wengi walibaki nje.

Ni upendeleo huo ambao serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaka kuukomesha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule zilizokuwa zikipewa ruzuku zikawa za umma, ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kila mtoto aandikishwe ifikapo 1977. Watoto waliingia darasani kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Fedha hazikuwafuata. Katika miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, mzazi alirudishiwa mzigo kwa jina la mchango, na Sera ya Elimu ya 1995 ikafungua mlango kwa sekta binafsi.

Hapo ndipo utalii ulipokuta pengo. Karatu ilikuwa imezoea wageni: Gibb's Farm, shamba la kahawa lililoanzishwa na walowezi wa Kijerumani mwaka 1929, lilianza kulaza watalii mwaka 1972. Lakini kilichobadilisha mji ni lami. Barabara ya kilomita 77 kutoka Makuyuni hadi Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifuatwa na hoteli, na hoteli zikaleta wageni waliotaka kuona shule. Mgeni akishafika darasani na kukuta watoto watatu wanne wamebanana dawati moja, hukawii kuona lori la madawati. Siku hizi ukutani unasoma “kwa hisani ya”, kisha jina la kampuni.

Simlaumu mwalimu mkuu anayepokea. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka: 4,000 za vitabu hununuliwa kwa pamoja, 6,000 huenda shuleni. Shule ya watoto 600 inapata shilingi milioni 3.6, yaani laki tatu kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na bati lililong'olewa na upepo. Makande ya mchana hayamo. Mahindi na maharage mzazi anapima mwenyewe. Kijiji kinapandisha boma la darasa hadi kwenye lenta, kisha kinasubiri bati miaka.

Ninachopinga ni kuacha msaada ufuate njia ya watalii. Shule iliyo kando ya lami inapata chumba cha tatu cha darasa kutoka kwa mfadhili, wakati Endamaghan, shule ya bweni ya Mang'ola inayosomesha watoto wa Kihadzabe, iko mbali na msafara wa magari yanayokwenda kreta. Misheni ilifanya hivyo hivyo miaka ya 1930.

Tena mfuko wa mgeni hukauka ghafla. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii milioni 1.5, mwaka 2020, wa korona, walikuwa kama 620,000. Mwalimu wa ziada anayelipwa na kampuni ya safari hana mshahara mahali pengine popote.

Wenzetu wamekwenda mbali zaidi katika kuishirikisha sekta binafsi. Uganda, kuanzia mwaka 2007, iliwalipia wanafunzi katika sekondari binafsi shilingi 47,000 za huko kwa muhula, kisha mwaka 2018 ikaanza kujitoa. Liberia mwaka 2016 ilizikabidhi shule 93 za umma kwa waendeshaji binafsi. Tathmini ilionyesha watoto walijifunza zaidi, lakini kwa gharama kubwa, na kampuni moja iliwaondoa wanafunzi ili darasa lipungue. Kamati ya Shule ya Gyetighi isingekubali hilo, maana wanaoondolewa ni watoto wa wajumbe wenyewe.

Upande wa pili wa lango la Lodoare mambo ni magumu zaidi. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, na ujenzi ndani yake unahitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi, hata mfadhili awe na fedha mkononi. Baraza la Wafugaji, lililozaliwa miaka ya 1990 na kupewa sehemu ya mapato ya utalii, lilisomesha vijana wengi wa Kimaasai. Mwaka 2022, wakati wakazi wa hifadhi wakihamasishwa kuhamia Msomera, wilayani Handeni, fedha za UVIKO-19 zilizotengwa kwa shule za tarafa ya Ngorongoro ziliagizwa zipelekwe Handeni.

Sheria ya Ubia kati ya serikali na sekta binafsi ya mwaka 2010 inahusu hasa miradi mikubwa. Kwa shule za msingi, halmashauri za Karatu na Ngorongoro zinaweza kuanza na rejista moja ya wazi: nani anasaidia shule gani, kwa mkataba upi, hadi lini, na nani atamlipa mwalimu siku mfadhili akiondoka. Kampuni inayotaka kujenga ionyeshwe kwanza orodha ya shule zilizo mbali na lami, na mkataba usainiwe mbele ya mkutano wa kijiji.